Mguu Niliomficha Mkwe

Salma mwanangu, amani ikutangulie njiani, na ikukute umekwisha kula.

Uko Kavimvira kwa shangazi zako, unaaga, nami nawajua wale: hawatakuachia mpaka umekula kwa kila mmoja na kubebeshwa ndagala, dagaa wetu wa ziwani, za kutosha mtaa mzima. Kwa hiyo nimepata nafasi. Nimekaa barazani, jua limekwisha kuingia nyuma ya milima ingawa ziwa bado linang'aa, na begi lako liko mbele yangu. Nimelifungua na kulifunga, nimelifungua tena na kulifunga tena. Usianze kukimbilia kipimo, nimekwisha kupima, si sukari. Ni furaha.

Sitakuandikia habari za sweta ya kuvaa kwenye basi, wala za kutompa mtu usiyemjua begi akushikie. Dada yako Mariamu amekuimbia hayo juma zima, na anayaimba vizuri kuliko mimi.

Nakuandikia kwa sababu ya yale uliyoyasema mezani juzi. Uliweka kijiko chini ukasema, "Mama, minye naona nibakie kwanza. Nitaandikia chuo banipe mwaka ingine. Nikienda, nani ataangalia miguu yako?"

Mimi niliinuka nikajifanya natafuta chumvi. Chumvi ilikuwa mezani. Ungenitazama vizuri ungeona nimekasirika, tena si kwako, bali kwa hii miguu, ambayo haijasoma hata darasa moja na sasa inataka kuamua nani asome. Maana hakuna mwaka mwingine, Salma. Umeniambia mwenyewe kwamba asiyefika Dar es Salaam kabla ya masomo kuanza, nafasi yake anapewa mwingine aliye nyuma yake, na msaada wa ada unakwenda naye. Ulilisema hilo haraka haraka, kama mtu anayepita mbele ya mbwa, ukadhani sikusikia.

Nilisikia. Tena nimelitangaza soko zima. Nimemwambia muuza samaki, ambaye hakuniuliza, kwamba mwanangu anakwenda kusoma utafiti wa uuguzi, utafiti wa wagonjwa wa sukari, jinsi ya kuwapunguzia yale yanayowatesa kila siku na kuwafanya waishi vizuri. Akaniuliza kwa ufupi ni kitu gani hasa. Nikamwambia, "Miguu!" Akauliza, "Miguu ya nani?" Nikamwambia, "Yangu!" Hapo alikubali kwamba ni jambo kubwa, akaniongezea samaki mmoja.

Lakini wewe habari ya mguu wangu unaijua kwa upande wa muuguzi. Upande wangu umeusikia vipande vipande tu. Leo nataka uusikie wote, ubebe.

Ulikuwa Luvungi kwa yale mazoezi ya kazi mnayoyaita staji. Miguu ilikuwa imenianza muda mrefu. Mchana ilikuwa na ganzi, kana kwamba nimevaa soksi hata nikiwa peku. Nikilala, inawaka. Shuka ikigusa kidole tu nataka kupiga kelele, na nilikuwa nikiketi kitandani nikiipepea miguu kwa mfuniko wa sufuria. Hilo sikumwambia mtu. Ningeanzaje? Mwanamke mzima, mwenye meza yake ya vitenge sokoni, anapepea miguu.

Nilikuwa nafanya kama wanawake wote wa huku tukitoka sokoni: beseni, maji ya moto, chumvi, unatumbukiza miguu unafumba macho. Ulipokuwa nyumbani wewe ndiye uliyekuwa ukiyapima maji kwa mkono. Ulipokwenda Luvungi nikayapima mwenyewe, kwa mguu. Mguu ukasema ni sawa. Nikakaa mle nikiwaza bei za vitenge, nikiona raha ya kupumzika, na nilipoutoa ngozi ilikuwa imeiva.

Asubuhi nikaupaka marhamu, nikajikokota mpaka kituo cha afya. Na aliyekuwa zamu ni nani? Rashidi. Mume wa dada yako. Mkwe wangu.

Wewe wa siku hizi unacheka, lakini mimi nimelelewa na bibi yako, Mfuliiru wa milima hii aliyejua adabu yake. Baba yangu alitoka kwa Waislamu wa Uvira ambao babu zao waliletwa hapa na biashara ya ziwa, na yeye alinifundisha kuuza. Habari ya wakwe nilifundishwa na mama. Mkwe mwanamume humtazami usoni. Huli mbele yake. Mkikutana njiani mmoja wenu anakumbuka kitu alichosahau nyuma, anageuka. Na mguu wako yeye hauoni, hata unyayo, hata kisigino. Rashidi naye amelelewa hivyo hivyo. Akija kwetu anaanza kukohoa tangu kwa jirani ili nipate muda wa kujifunika.

Basi nikakaa kwenye benchi, kitenge nimekishusha mpaka chini kama pazia.

"Mama, iko nini inauma?" akauliza, akitazama ukuta.

"Kichwa," nikasema, nikitazama kalenda.

"Haiko kitu ingine?"

"Haiko."

"Muko nakunywa dawa ya sukari?"

"Niko nakunywa."

Akanipa vidonge vya kichwa. Nikavipokea kwa mikono miwili, kichwa changu kikiwa kizima kabisa, nikarudi nyumbani nikikanyaga kwa upande. Na njiani nilijisifu. Kweli, Salma, nilijisifu kwamba nimemheshimu mkwe wangu. Nilimheshimu mpaka mguu ukaanza kunuka.

Aliyeugundua ni Mama Domitila. Siku hizo hakuwa rafiki yangu, alikuwa mteja tu, Mrundi mkulima wa mpunga kule bondeni Ruzizi, mama wa kanisa, amekuja kuchagua kitenge cha komunyo ya mjukuu wake. Alikuwa anapapasa kitambaa, pua yake ikasimama. Akainama, akafunua kitenge changu mbele ya watu bila hodi.

"Yoo! Mama, muguu inaoza, na weye uko nauzisha!"

Nikamwambia ni jambo dogo. Akaketi juu ya mzigo wangu, akanyoosha miguu yake mwenyewe. Mmoja ulikuwa na kandambili, mwingine peku, umejaa mikwaruzo.

"Minye pia niko na sukari," akasema. "Kandambili ilibakia mu matope. Nilifika mupaka hapa na moja tu, sikusikia. Ni weye umenifanya niangalie chini."

Tulitazamana, tukaanza kucheka, wanawake wawili wazee wenye miguu isiyosema kitu. Kisha akachukua simu yangu akanilazimisha nikuite.

Ulikuja kwa pikipiki, vumbi la barabara mpaka kwenye nyusi. Na jambo la kwanza ulilofanya, mwanangu, ulinifokea. Uliniambia mimi ni mtu mzima, kwamba nimefundishwa, kwamba watu wanakatwa miguu. Yote yalikuwa kweli. Ukauliza kwa nini sikwenda kwa Rashidi. Nami nikakudanganya papo hapo, nikasema Rashidi hakuwapo. Wala sikufikiri. Uongo ulitoka wenyewe, kama mtu anayekinga uso.

Kesho yake ulirudi na maji yako safi na bandeji zako, ukakaa chini. Ulikuwa unasafisha kidonda taratibu, ukaniuliza bila kuinua kichwa, "Mama, sukari imekukatalia nini yenye weye unapenda?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Waliniuliza nimekula nini, nimepima lini, dawa nimemeza ngapi. Wewe uliuliza nilichonyimwa. Nikajibu kulala. Nikasema ninachotaka ni kulala mpaka adhana ya alfajiri bila shuka kunichoma. Halafu nikakuambia habari ya mfuniko wa sufuria. Halafu nikakuambia Rashidi alikuwapo, na ukuta, na kalenda, na vidonge vya kichwa. Ulicheka mpaka ukapiga beseni teke, maji yote yakaingia chini ya kitanda. Kisha ukaacha kucheka, ukabaki umeshika kisigino changu, ukasema polepole, "Na wengine banamuficha nani?"

Salma, mimi nilikuona. Nimekuona ukizaliwa, nimekuona ukivaa sare ya kwanza ya uuguzi, lakini sijapata kuuona uso wako kama ulivyokuwa siku hiyo. Nilijua hapo hapo kwamba mtoto huyu hatakaa nami kwenye meza ya vitenge. Nawe unakumbuka zamani, kabla hujaanza uuguzi, nilivyopigania ukae. Nilikuambia uuguzi ni kushinda na matapishi ya watu, nikakunyima nauli ya kwenda kujiandikisha, ukaenda kwa miguu. Nilikosea, na nimefurahi kwamba nilishindwa. Ningeshinda, leo ungekuwa muuza vitenge mbaya kabisa, maana hujui kusema uongo juu ya rangi.

Halafu ukaanzisha Alhamisi ya miguu. Wanakituo walikucheka, unakumbuka? Mabeseni uani, mabenchi mawili, wagonjwa wa sukari wamepangwa wawili wawili, kila mtu anaangalia nyayo za mwenzake kwa sababu zake hazioni. Maji yanapimwa kwa kiwiko. Vidole vinafutwa katikati mpaka vikauke. Mafuta yanapakwa kila mahali isipokuwa katikati ya vidole, na unayapaka taratibu, ukikanda, hata yule unayemkanda anasahau bei ya mafuta. Na sharti lako ulilolisema kwa sauti: hakuna mtu kuketi na mkwe wake. Watu walicheka, lakini niliona wengine wawili wakihama benchi.

Mimi nikapewa Mama Domitila. Mwanzoni alikuwa na aibu ya nyufa zake za shambani, na mimi aibu ya kovu langu. Sasa ananiambia mambo asiyomwambia padri. Ni hapo nilipojua kwamba kilichokuwa kinamuumiza kuliko kuwaka kwa miguu ni tope. Anaingia shambani wakati wa kupandikiza mpunga na halisikii tope. "Minye nimezaliwa mu ile matope," aliniambia, "sasa ni kama iko ya muntu mwingine." Hilo hakuna kipimo kinacholionyesha. Uliposikia, ulilirudia mara mbili ili usilisahau, na macho yako yakawa yanawaka.

Na hapo ndipo tulipogombana mimi na wewe, ugomvi ambao leo naufurahia. Mimi nilikuwa nalala. Si kila siku, lakini nilikuwa nalala. Nikakuambia: andika, inasaidia, kwisha, waambie wazungu na Waafrika wote, miguu ikandwe. Ukasema bado hujui. Ukasema labda ni mikono, labda ni mazungumzo, labda ni kwa sababu siku hizi watu wanakuja kituoni kila juma na wanameza dawa zao sawasawa.

"Lakini minye nakuambia inasaidia!" nikapiga meza.

"Mama, weye unanipenda," ukasema. "Ndiyo tatizo."

Nilinuna siku nzima. Nilinuna mpaka nilipofungua sanduku la vitenge nikakuta lile robota la majogoo. Huwezi kukumbuka, zamani hizo ulikuwa bado unanyonya. Nilivuka Kavimvira kwenda Bujumbura kununua mali, nikaona kitenge chenye majogoo wekundu wakubwa kwenye njano, nikakipenda kwa moyo wote. Nikawauliza rafiki zangu, mmoja mmoja: kizuri? Kizuri, dada, kizuri sana! Nikachukua robota zima. Hakuna aliyenunua. Hata wao rafiki zangu hawakununua! Niliwashonea ninyi nguo za majogoo, nikashona mapazia ya majogoo, baba yenu, Mungu amrehemu, alikwenda sala ya Ijumaa na kanzu lakini ndani amevaa kaptura ya majogoo. Niliwauliza watu wanaonipenda, wakanijibu kwa kunipenda. Ningemuuliza mwanamke asiyenijua, tena ningemuuliza juu ya kitambaa kingine kabisa, nikatazama mkono wake unakwenda wapi wenyewe, ningejua.

Basi nikakuelewa. Wale wa Alhamisi wote wanakupenda. Ukiwauliza kama wanajisikia nafuu watasema nafuu, hata yule ambaye mguu unamla. Ndiyo maana unakwenda Dar es Salaam: kujifunza jinsi ya kuuliza ili mtu asikujibu kwa adabu. Unapokuwa huko na walimu wakikufundisha njia zao nzuri za kupima maumivu na usingizi na raha ya mtu, zishike zote, usiwe mjuaji. Ila kila ukimpa mgonjwa swali lako, jiulize kimya kimya, huyu anatazama kalenda? Na akikudanganya usimwite mwongo. Tafuta anamheshimu nani.

Watakucheka Kiswahili chetu, hilo ujue. Ukisema "iko" watageuka wote. Wacheke, kisha nawe usikilize wanavyosema wao, maana wagonjwa wa huko nao lazima wana jina lao la miguu inayowaka, na hutalipata kwenye vitabu. Muulize mama muuza vitumbua. Nunua kimoja, umpe jirani yako ale, nawe ukae umsikilize.

Unaona nilivyo? Nilisema sitatoa maagizo.

Najua unaogopa kwamba utafika kule, utakuta wenzako wanajua takwimu na kompyuta, na wewe umekuja na habari ya beseni. Mimi pia niliogopa nilipovuka mpaka mara ya kwanza peke yangu na fedha zimefungwa kiunoni. Niliogopa mpaka nikasahau salamu ya Kirundi, nikamwambia mlinzi asubuhi njema wakati ni jioni. Akacheka, nikapita. Huwezi kungoja woga uishe ndipo uende, hauishi, unakwenda nao mpaka unachoka wenyewe.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe, na naomba ukae.

Nimepata kidonda.

Kaa, nimesema. Ni kwenye mguu wa kushoto, ubavuni mwa kidole kikubwa. Nilinunua viatu vipya, vyeusi, vyenye kibanio cha dhahabu, ili nikusindikize mpakani kama mama wa mtu anayekwenda masomo ya juu. Nilivijaribu ndani ya nyumba, nikitembea kutoka jikoni mpaka barazani nikijitazama. Mguu haukusema kitu. Unaujua ule mguu.

Mama Domitila alikiona Alhamisi iliyopita, wakati wewe ulikuwa unahangaika na karatasi za safari. Nikamshika mkono nikamsihi. Nikamwambia, mutoto akivuka tu, nitasema. Akivuka tu. Alikausha vidole vyangu kimoja kimoja mpaka akamaliza.

"Oya, hapana," akasema. "Utamuambia weye, ao nitamuambia minye. Kama Salma anaenda kwa sababu hajue, haiko kuenda. Ni kukimbizwa."

Nilikasirika naye. Nilisema moyoni, Mrundi huyu anajua nini habari ya mtoto wangu. Na zile siku zote ulizonikuta nimevaa soksi, ukaniuliza kama nina baridi, nikakuambia ni upepo wa ziwa, ndiyo hiyo. Nilikuwa nakufanyia wewe kile nilichomfanyia Rashidi. Halafu nilikuwa nimekwisha kupanga na barua hii: ningekuambia usiifungue mpaka uwe ndani ya basi, Bujumbura iko nyuma, huwezi kurudi. Nilijiona mjanja sana.

Leo mchana, ulipoondoka tu, nilimpigia Mariamu nikamwambia amlete mumewe. Nikamwambia aje kama muuguzi, lakini aje. Nikamsikia anakohoa kuanzia kwa jirani. Nikakaa kwenye kiti, nikapandisha kitenge, nikavua soksi. Moyo ulikuwa unanipiga kuliko siku ya harusi yangu. Akaingia, akaona, akageukia ukuta palepale.

"Baba," nikamwambia, "ukuta haiko na sukari. Angalia hapa."

Akageuka polepole. Akaosha mikono muda mrefu kupita kiasi. Akapiga magoti, akaniuliza sauti ikiwa chini, "Mama, niguse?"

"Gusa. Ni muguu. Haiko arusi."

Mariamu, aliyekuwa mlangoni, alitoka mbio akaenda kucheka uani. Rashidi hakucheka. Aliushika mguu wangu kwa mikono miwili, akauinua kwenye mwanga, akautazama kila upande, akapapasa kama kuna joto, akanusa bila kuona haya, akapima sukari. Kisha akasafisha, akafunga. Akaniambia kidonda ni kidogo, hakijaingia ndani, hakina usaha, na damu inafika vizuri. Akasema atakuwa anakuja kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, na akiona kimebadilika hata kidogo atanipeleka hospitali siku hiyo hiyo, nikitaka nisitake. Na wewe atakayekupigia simu ni yeye, si mimi. Hilo nilimwapisha mimi mwenyewe, kwa sababu najijua.

Alipokuwa anakusanya vifaa vyake akasema, akiwa bado anautazama mguu, "Ile siku ya kichwa, nilisikia harufu ya marhamu, mama. Nilijua iko kitu. Niliona haya kuuliza." Mimi nililia, Salma. Miaka yote nilidhani ni mimi peke yangu niliyekuwa nimejificha.

Kwa hiyo umeuliza nani ataangalia miguu yangu, na jibu ni hilo. Asubuhi Rashidi, Alhamisi Mama Domitila, na kila siku mimi mwenyewe kwa kioo, mbele ya dirisha. Si wewe. Nakupenda kuliko chochote nilicho nacho, na nasema si wewe. Wapo watu wangapi kutoka hapa mpaka Luvungi, mpaka Mulenge huko juu kwa wafugaji, wanaopepea miguu yao na hawajamwambia mtu? Hao hawana Salma ndani ya nyumba. Nenda ukasome kwa ajili yao.

Barua hii nitakupa asubuhi, kabla ya chai, kabla hujafunga begi. Utakaposoma mpaka hapa, njoo chumbani kwangu. Sitavaa soksi. Fungua bandeji uangalie mwenyewe, uguse, unifokee ukitaka. Ukiona Rashidi amekosea, ukiona kidonda ni kikubwa kuliko alivyosema, baki, na mimi sitakulaumu hata siku moja. Lakini ukikiona kama alivyokiona yeye, kifunge tena vizuri, uoshe mikono, ubebe begi lako. Na katika huo utafiti wako mahali popote panapofaa, andika kwamba mgonjwa mmoja wa Uvira alisema kabla ya kuulizwa.

Nitakusindikiza mpaka mpakani kwa pikipiki. Vile viatu vyeusi Rashidi amevichukua, amekataa kunirudishia. Ameniachia raba zake mwenyewe, pana, zinazoipokea bandeji bila kubana, na nimezijaribu hapa barazani nikiwa nimetia mkono ndani kwanza kutafuta mawe, kama ulivyotufundisha. Kavimvira nzima itaniona, wabadilisha fedha, shangazi zako, maofisa, wote: mama mzima amevaa viatu vya mkwe wake. Watacheka mpaka upande wa pili.

Waache wacheke. Wewe vuka.

Mama yako